Mume wangu yuko mbali, vitabu vyake viko hapa, na siasa imenitoka moyoni. Wenzangu mnaishije na hali hii?

Shajara (mwanzisha uzi)

Wadau habari zenu. Huu uzi ni mrefu, asiyependa kusoma sana apite tu bila kinyongo, ila kama una mtu wako yuko mbali na mlikua mnasoma pamoja na kuamini pamoja basi kaa hapa tuongee.

Mi na mume wangu tulikutanishwa na vitabu vya siasa. Hatukua wanasiasa, tulikua wasomaji tu, tunaazimana, tunabishana mpaka usiku mwingi, yeye anapigia mistari kwa kalamu na kuandika pembeni ya ukurasa, mi naandika chini ya maneno yake, yeye akirudi ananijibu, yaani kitabu kikiisha kinakua kimejaa maneno ya mwandishi na maneno yetu. Baadae kikaja chama kikawa kinasema yale yale tuliyokua tunayasoma. Tukakiamini kweli. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, tulilinda kura, siku ya matokeo tulilia kwa furaha. Alafu wale tuliowaweka wakakaa kwenye viti vya wale waliowatoa wakaanza kuongea lugha ile ile, anayehoji anaitwa msaliti, anayekumbusha ilani anaambiwa katumwa, na wenzetu tuliokesha nao vituoni walipopata vyeo hawapokei simu. Mume wangu sio mtu wa kunyamaza. Akaandika, akaonywa, akaandika tena, ikafika mahali ikabidi aondoke kabla mambo hayajaharibika zaidi. Sasa yuko nchi za watu anafanya kazi isiyofanana na chochote alichosomea, anatuma hela, anapiga simu. Mi nimebaki na watoto na kabati la vitabu.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Muda mrefu mtu akiniuliza mbona siku hizi hufuatilii siasa, mbona mikutano huji, najibu nimevunjika moyo, na watu wanaelewa maana wengi wamevunjika. Lakini nimejichunguza. Habari mbaya ikitoka, labda kiongozi kasema jambo ambalo kila mtu anajua sio kweli, kinachonipata kwanza sio hasira. Ni kutaka kugeuka nimwambie mtu, na huyo mtu hayupo. Hasira inakuja baadae na inakuja imeshachanganyika na ule upweke, siwezi tena kuvitenganisha. Zamani tungeisikia wote wawili, tungefoka, angechomoa kitabu anionyeshe kwamba hili lilishatokea mahali fulani mwaka fulani na liliishaje, ningembishia, tungelala. Siasa ilikua mbaya hata wakati ule jamani. Tofauti ni kwamba tulikua wawili wa kuubeba huo ubaya. Kwaio najiuliza, hiki ninachokiita kuichoka siasa, si ni hamu ya mtu? Mi naona angalau nusu yake ni hiyo, na nisipoijua hiyo nusu ntaendelea kuilaumu nchi kwa kila kitu na mume wangu nae ntamlaumu kimoyomoyo bila yeye kujua kosa lake.

Naomba wenye uzoefu mniambie. Vile vitabu vyenye maandishi yake mnavisoma au mnaviweka mbali? Na kwenye simu mnaongea nini? Yetu siku hizi ni watoto hawajambo, hela imefika, mtandao unakatakata, usiku mwema.

kona_ya_hoja

Pole sana dada. Umeandika kwa uchungu na nimekusoma mpaka mwisho, ila hapo kwenye nusu naomba nikupinge.

Ukisema kuichoka siasa ni hamu ya mtu unawapunguzia mzigo walioisababisha hio hamu. Mumeo hakwenda kutafuta maisha, kaondolewa. Kumtenganisha mtu na watu wake ni siasa, tena ya zamani sana, watawala wanajua ukimtoa mtu kwa mkewe na wanae huna haja hata ya kumpiga. Angalia Robben Island, kile kisiwa cha gereza kule Afrika Kusini. Mandela na wenzake walipofikishwa pale waliwekwa daraja la chini kabisa la wafungwa, daraja D, haki yako ni barua moja kwa miezi sita isiyozidi maneno 500, na mgeni mmoja kwa miezi sita, nusu saa. Barua inasomwa kwanza na mlinzi, mstari asioupenda unakatwa. Mgeni akija mnaongea habari za familia tu, mkitaja kingine mazungumzo yanasimamishwa. 1968 mama yake kafa, 1969 mwanae wa kwanza Thembi kafa kwa ajali ya gari, mara zote mbili kaomba ruhusa ya kwenda kuzika na mara zote mbili kakataliwa. Sasa jiulize, serikali yenye jeshi na polisi na magereza, kwa nini imlipe mtu mshahara akae mezani kuhesabu maneno ya barua ya mume kwenda kwa mke? Maana wanajua nguvu ya yule mfungwa inatokea hapo.

Kwaio hamu yako ni ya kisiasa yote, sio nusu. Usiipeleke chumbani ukailia peke yako, ndo wanachotaka, kila mmoja aende kwake akalie.

mjukuu_wa_pili

Nafuatilia huu uzi kwa makini. Baba yetu aliondoka hivo hivo, vitabu vyake mama alivifunga kwenye maboksi na hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Mi nimevifungua nikiwa mtu mzima na nikagundua nilikua simjui baba. Dada usifunge maboksi.

Shajara

@mjukuu_wa_pili asante, hilo limeniingia sana, nina watoto na sikua nimewafikiria kabisa kwenye habari ya haya maandishi.

@kona_ya_hoja nashukuru kwa kunipinga kiungwana. Nimekusoma mara mbili na nakubali kwamba chanzo ni siasa. Lakini embu tuendelee na mfano ulioleta mwenyewe maana umesimama katikati. Winnie, mke wa Mandela, nae hakua amekaa kungoja barua tu. 1969 alikamatwa akakaa ndani siku 491, nyingi akiwa peke yake, 1977 wakamhamishia Brandfort kwa nguvu mahali asipomjua mtu wala lugha yao. 11 Februari 1990 dunia nzima ikawaona wanatoka getini wameshikana mikono. Aprili 1992 wakatangaza kutengana, 1996 ndoa ikavunjwa mahakamani. Miaka 27 ya kungojana alafu miwili ya kuishi pamoja. Siwahukumu hata kidogo, nani mimi. Ila naona mtu aliyetenganishwa na wake anaendelea kumwandikia mwanamke wa mwaka ule aliomwacha, na yule mwanamke keshakua mwingine kwa mambo ambayo maneno 500 hayawezi kuyabeba. Nae akimkumbuka mume anamkumbuka wa mwaka ule ule. Siku wakikutana wanakutana watu wanne.

Na hiki ndo kinachonikosesha usingizi kuliko chama. Mi nina waume wawili sasa hivi. Kuna wa pembeni ya ukurasa na kuna wa kwenye simu. Wa pembeni ya ukurasa ana mwandiko wa haraka, anaweka alama za mshangao tatu tatu, anagombana na waandishi waliokufa zamani. Kuna kitabu kimoja cha historia ya mapinduzi ya watu wengine, mahali mwandishi anaeleza jinsi viongozi walivowageuka waliowaingiza madarakani, yeye kaandika pembeni "kwetu haitatokea, watu wetu wameshajifunza". Na mi chini yake nimeandika "tutaona". Basi. Ukurasa huo nikiufikia siwezi kuendelea, nafunga kitabu. Sio kwa sababu ya chama kutugeuka, hilo nimeshalikubali, ni kwamba aliyeandika pale alikua anaamini kwa moyo wote na mi sijui kama ntamwona tena huyo mtu hata mume wangu akirudi kesho asubuhi. Wa kwenye simu juzi nimeanza kumweleza habari za mkutano uliofanyika akanikatiza, "mambo ya huko usiniambie". Kwa sauti ya chini tu, bila hasira. Nilibaki nimeshika simu. Nikajikuta namwonea wivu yule mwanamke aliyeandika "tutaona", maana yeye alikua na mtu wa kumbishia.

Sasa @kona_ya_hoja ukiniambia hio yote ni siasa nakubali, lakini dawa yake iko wapi kwenye siasa? Hata serikali ikibadilika leo, wa pembeni ya ukurasa harudi kwa amri ya serikali.

kona_ya_hoja

Hapo umenifikisha ukutani dada. Naendelea kufikiri.

niko_ngambo

Dada samahani naingia bila hodi. Mi ndo huyo mumeo, sio yeye mwenyewe ila mtu wa aina yake, mi ndo niliyeondoka na mke wangu na watoto wako nyumbani. Haya sijawahi kuyaandika mahali popote.

Akikwambia mambo ya huko usiniambie usidhani kaacha kujali. Mi nikiamka kabla sijatoka kitandani nimeshasoma habari zote za nyumbani, najua hadi diwani gani kahama chama na nani kampokea. Ila mke wangu akianza kunisimulia nashikwa na aibu, sina jina lingine la kuipa. Ninyi ndo mnakutana na hayo mambo kila siku, mi niko salama, sasa niseme nini? Niseme pambaneni? Nilikua nalisema sana hilo neno nikiwa hapo na lilikua la haki maana na mimi nilikua mstari wa mbele, nikilisema nikiwa huku nakua nawatuma watu mahali ambapo mimi sipo. Niseme nyamazeni? Nitakua nimegeuka yule niliyekua nampinga. Kwaio nauliza watoto wamelala saa ngapi.

Alafu kuna woga. Sijui nani anasikiliza simu. Neno nikilitamka mimi, kinachofuata kinampata yeye. Wengi tuliotoka tumejikuta tunaongea na wake zetu kama tunaongea na karani wa benki, kwa adabu, kwa kifupi, bila kutaja majina. Inauma kuliko baridi ya huku.

Na kitu kingine usichokijua, mkiwa huko mnahesabu sisi ndo tumekosekana, huku na sisi tunahesabu ninyi wote mmekosekana kwa mpigo, mke, mama, wenzako, lugha ya barabarani, hata wale maadui wa chama kile kingine uliokua unabishana nao. Unajikuta unawakumbuka hata hao. Huku hakuna anayejua jina la rais wetu, siku nikitaka kufoka namfokea nani.

Vitabu. Niliondoka na begi la mgongoni, kitabu kimoja ndani, nilikichukua haraka bila kuchagua. Kina maandishi ya mke wangu sehemu mbili tu na mojawapo kaandika "sikubali". Hajasema hakubali nini. Ule ukurasa nimeusoma mpaka naujua kwa kichwa, kila aya naijaribu, labda hakubali hapa, labda pale. Sijawahi kumuuliza, najua ni jambo la ajabu lakini nilikua naogopa akijibu litakua limeisha. Leo baada ya kusoma uzi wako ntamuuliza.

tunda_la_msimu

Nimesoma hapo kwa niko_ngambo nikatoka nje kidogo nikarudi. Kaka Mungu akutunze.

Bibi Maktaba

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nimefanya kazi na vitabu maisha yangu yote na naandika polepole, mtanisamehe.

Mama Shajara, nikueleze habari ya mshairi mmoja wa Urusi, Anna Akhmatova. Serikali ilimpiga risasi Gumilyov, aliyekuwa mume wake wa kwanza na baba wa mtoto wake, mwaka 1921. Mtoto mwenyewe, Lev, akaja kukamatwa miaka ya ukali wa Stalin, na mama akasimama foleni nje ya gereza la Leningrad kwa miezi 17 pamoja na wanawake wengine, wote wanatafuta habari za watu wao. Akatunga mashairi kuhusu foleni ile. Hakuthubutu kuyaweka nyumbani. Alikuwa anaandika mistari kwenye kipande cha karatasi, anampa rafiki, rafiki anasoma kimya mpaka anakariri, kisha karatasi inachomwa palepale. Miaka mingi kitabu kile kilikaa ndani ya vichwa vya watu wachache waliompenda. Kikachapwa Munich mwaka 1963, na nchini kwao mwaka 1987 wakati yeye alishafariki tangu 1966.

Watu wanapenda kuishia hapo kwa sababu ni habari ya ushujaa. Mimi naomba tuendelee mbele kidogo. Lev alifunguliwa kifungo chake cha mwisho mwaka 1956 akarudi. Hawakuelewana. Yeye aliona mama hakumpigania inavyotosha, mama aliona mtoto haelewi alichopitia. Walimaliza maisha ya mama wakiwa wamekasirikiana. Kwa hiyo hofu yako, mwanangu, si ya ajabu wala si ya imani haba. Watu wakubwa imewapata.

Lakini sikubaliani na wewe kwamba una waume wawili. Unaye mmoja, na yuko hai, na ana simu. Yule wa pembeni ya ukurasa ni maandishi yake ya zamani, na maandishi hayamtoshi mwenyewe kama vile "tutaona" lako lisivyokutosha wewe leo. Wewe mwenyewe umebadilika, nimekusoma, hukuandika hivi ulipokuwa unazunguka nyumba kwa nyumba. Yeye huko naye labda anamkumbuka mwanamke wa wakati ule na anaogopa kukuuliza umekuwa nani.

Na hayo mazungumzo ya watoto hawajambo usiyadharau hivyo. Gramsci, mwanasiasa na mwanafikra wa Kikomunisti wa Italia, alipokamatwa na serikali ya Mussolini Novemba 1926, mkewe Julia alikuwa Moscow na watoto wawili, na yule mdogo, Giuliano, baba yake hakumtia machoni hata siku moja mpaka anakufa tarehe 27 Aprili 1937. Julia alikuwa mgonjwa, barua zake zikawa chache, na kule gerezani kila mwezi wa kimya ulimla yule bwana. Aliyemshikilia ni shemeji yake Tatiana kwa barua na mahitaji, na rafiki yake Sraffa aliyemfungulia akaunti kwenye duka la vitabu la Milan ili aagize anachotaka kusoma. Huyu ni mtu aliyejaza madaftari kwa madaftari akifikiria kwa nini harakati zao zilishindwa na kwa nini watu wa kawaida walikubali kutawaliwa vile. Kuvunjika moyo kulikuwepo, na vitabu vilikuwepo, na hamu ilikuwepo, vyote chumba kimoja. Sasa tazama mtoto wake Delio alikuwa anaandikiwa nini. Aliandikiwa habari za kalunguyeye ambao baba yake aliwaona usiku utotoni kwake Sardinia wakikusanya matufaa yaliyoanguka. Mimi nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko madaftari. Baba hawezi kumpa mtoto chama, hawezi kumpa ushindi, akampa kile alichokiona kwa macho yake akiwa mdogo.

Ushauri wangu ni mdogo. Ule ukurasa unaokushinda usiufunge, mpelekee mwenyewe. Na tafuteni kitabu ambacho hakuna kati yenu aliyewahi kukisoma, ili msiwe mnarudi tu kwenye nyumba mliyohama.

Shajara

Shikamoo bibi. Sina la kujibu sasa hivi, naomba nikae nayo kwanza.

kalamu_ya_wino

Shikamoo bibi, na mi nashukuru. Naongeza moja tu maana naona mifano mingi imetoka mbali wakati tunae wa kwetu kwenye lugha hii hii. Abdilatif Abdalla. Kenya imepata uhuru 1963, miaka mitano tu baadae, 1968, kijana wa Mombasa wa miaka 22 anaandika karatasi yenye kichwa "Kenya: Twendapi?" anauliza mbona chama cha upinzani kinakandamizwa na huu ndo uhuru gani. Akafungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Kule ndani akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni na yakatolewa kwa siri. Kitabu kikatoka 1973, Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambae serikali yake ilimfunga. Alipotoka hakukaa, akaenda Dar es Salaam, akaenda London, akaishia kufundisha Leipzig, miaka mingi sana nje.

Naleta hili kwa sababu moja. Kizazi chetu tunapenda kusema tumevunjwa moyo utadhani sisi ndo wa kwanza, na huo upweke wa kujiona wa kwanza unaongeza uchungu bila sababu. Yule kijana alivunjika moyo wakati bendera bado mpya. Na alichofanya ni kuuliza kwa sauti, na kuuliza kwake kumekaa zaidi ya waliomfunga. Dada, mumeo aliyeandika "watu wetu wameshajifunza" na mumeo aliyeandika mpaka akaonywa ni mtu mmoja. La pili ndo uthibitisho wa la kwanza. Angekua hajaamini asingeondoka, angepata cheo kama wale wenzenu wasiopokea simu.

mjukuu_wa_pili

Hio sentensi ya mwisho ya kalamu_ya_wino naomba nikamtumie mama yangu.

niko_ngambo

Wadau nimerudi. Nimemuuliza.

Kwanza alinyamaza, akasema subiri, kitabu gani, ukurasa gani, nikamsomea aya nzima kwenye simu. Akasema hakubali pale mwandishi aliposema mwananchi wa kawaida hajali nani anamtawala mradi ale. Akasema alikasirika siku ile na bado amekasirika mpaka leo. Nikamwambia mi siku hizi naanza kumuelewa mwandishi. Weee. Nimepewa somo. Kanitajia watu mtaani kwetu mmoja mmoja, nani alifanya nini, nani alificha nani, nani alisimama akauliza swali mbele ya mkuu, mambo ambayo sikuyajua kabisa kwa sababu nilikua nimemkataza kunisimulia. Tumeongea mpaka chaji ikaisha. Majina hatukuyataja, tumetafuta namna ya kuyazunguka, anajua na mi najua.

Shajara asante. Siwezi kusema zaidi.

sikio_la_kwanza

Mi swali langu kwa mwanzisha uzi. Baada ya yote haya utapiga kura tena? Maana naona kila mtu anaongelea mapenzi, mi nataka kujua siasa umeiweka wapi.

Shajara

Nimechelewa kurudi, nilikua nafanya alichosema bibi.

Nimeupiga picha ule ukurasa, mwandiko wake na wangu, nikamtumia, chini nikaandika "sasa tumeona, unasemaje?" Akaisoma. Hakujibu siku ile wala kesho yake na mi nikajua nimemuumiza. Alafu ikaja sauti ndefu, kairekodi akiwa anatembea, nasikia magari na upepo. Anasema ameicheki picha muda mrefu na kwamba aliandika kweli na hafuti. Anasema watu wetu walikua wamejifunza kweli, ndo maana walijitokeza, ndo maana walikesha, sisi ndo tulidhani na viongozi wamejifunza na hilo hatukua na ushahidi nalo hata wa ukurasa mmoja. Sikukubaliana. Nikamjibu kwamba ushahidi tulikua nao, ulikua kwenye kitabu kile kile, na sisi wawili tulisoma tukaandika pembeni kwamba kwetu ni tofauti. Akanijibu. Nikamjibu. Tumegombana wadau, tumegombana vizuri, kuna mahali kapandisha sauti na zile alama za mshangao tatu nimezisikia kwa masikio yangu.

Bibi ulisema nina mmoja. Bado sijafika huko kabisa, huyu niliyegombana nae ana mambo mapya nisiyoyajua, ana uchovu ambao zamani hakua nao, ana namna ya kusema "wao huko" inayonichoma. Ila nimemuuliza maswali ambayo sikuwahi kumuuliza tangu aondoke, kazini anakaa na nani, anasoma nini, anaota kwa lugha gani, na amenijibu. Watoto nao nimewafungulia kabati, yule mkubwa kaokota kitabu akaanza kusoma maandishi ya baba yake kwa sauti, neno kwa neno, nikamwacha.

@sikio_la_kwanza swali lako ni la haki. Kwenye chama kile sirudi, na sio kwa sababu ya upweke, ni kwa sababu ya walichowafanyia waliohoji, hilo nimelipima peke yangu na jibu ni lile lile. Kura ntapiga. Na siku ya kuhesabu ntakua kituoni tena kama wakala au kama raia wa kawaida anayesimama nje kusubiri fomu ya matokeo ibandikwe, maana naijua hio kazi na vijana wa sasa hawaijui. Nilikua nimeacha kwa kusema nimevunjika moyo. Moyo bado umevunjika, ila nimeona ile sehemu iliyokua inanifunga miguu ilikua ya kukosa wa kumsimulia nikirudi nyumbani, na sasa ntamsimulia, akitaka asitake.

@kona_ya_hoja ile nusu yangu sijaifuta. Uliponiambia nisiilie chumbani ulisema kweli, na mi niliposema sio yote inatibiwa na siasa nadhani nilisema kweli pia.

Kuhusu kurudi hajasema na sijamuuliza. Kitabu tumechagua, sio cha siasa, ni historia ya bahari, yeye kakipata maktaba ya huko na mi nimepata softikopi. Tumekubaliana kila mmoja aandike pembeni kwake kwanza ndo tubadilishane, asiangalie mwenzie kasema nini. Mi niko sura ya pili, yeye bado ya kwanza, anasema zamu za usiku zimembana wiki hii.